Mwamvua na Ufa wa Jabali

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mtoto mdogo asogee kwa mama yake. Mkubwa naye asogee, asijifanye. Hadithi ya leo ina ubaridi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto wao chuoni, palikuwa na binti wa fisi maji. Jina lake Mwamvua. Alikaa kando ya mto na baba yake, Mzee Pazi, na mama yake, Bi Mwavita. Mtoto wa maji huyo! Chubwi, amezama. Kimya. Kule mbali, puu, ameibuka, samaki mdomoni. Akipiga mluzi, fiuuu, mto mzima unajua ni yeye. Na alikuwa na swali lake, aliuliza tangu hajaota meno.

"Mama, maji yakizama ardhini huenda wapi?"

"Huenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Kula samaki wako, mwanangu."

Basi. Katika nchi ile vyuo vilikuwa viwili. Kimoja bondeni, kwenye kinamasi. Kiliitwa Chuo cha Matete, na mwalimu wake Bi Kiboko. Ukipita pale unasikia vyura, unanusa tope, basi. Cha pili kilikuwa juu, juu kabisa, kwenye mwamba mweupe. Kiliitwa Chuo cha Jabali. Mwalimu wake Kongoti, yule ndege mrefu mwenye upara, asiyepepesa jicho.

Simba alisoma Jabali. Tembo anayeamua kesi alisoma Jabali. Anayehitimu Jabali hufungwa jiwe jeupe shingoni. Harusini, mwenye jiwe hukaa mbele. Msibani, mwenye jiwe hukaa mbele. Wazazi wake nao hukaa mbele, wakitazama nyuma kidogo, kuona nani anawaona.

Mwamvua alikuwa na kaka, Kibwana. Kibwana alikwenda Jabali. Akakaa huko, akakaa, akakaa. Siku aliporudi, vigelegele! Mzee Pazi alitangaza mto wote. Ngiri, jirani yao, akaja na wanawe kutazama.

Kibwana akaingia taratibu. Jiwe jeupe shingoni. Manyoya makavu. Macho yametulia mahali pamoja.

Mama akamkimbilia. "Mwanangu! Umechoka?"

"Umechoka," akasema Kibwana.

"Utakula samaki?"

"Utakula samaki."

Mama akasita. Mzee Pazi akapiga makofi. "Mnamsikia? Hana maneno mengi siku hizi. Usomi huo!"

"Usomi huo," akasema Kibwana.

Ngiri akatikisa kichwa kwa kijicho. Mwanawe aliomba Jabali, akakataliwa.

Mwamvua alimvuta kaka yake mpaka ukingoni. Zamani Kibwana akiona maji haulizi, anajitupa. Sasa alisimama tu. Wimbi dogo likaja, akarudisha mguu. Mwamvua akapiga ule mluzi wao wa utotoni, fiuuu-fiu. Kibwana akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Lakini kule juu, mbali, mchana kweupe, ndani ya lile jabali, kitu kikaitika.

Fiuuu-fiu.

Manyoya yakamsimama Mwamvua.

Alikwenda kwa mama yake. "Mama, huyu si kaka."

Bi Mwavita alikuwa akiparua samaki. Hakuinua uso. "Nyamaza, baba yako asisikie."

Kumbe naye alishaona. Lakini ameona, atasema nini? Nyumba imejaa wageni wa pongezi.

Msimu ukageuka. Zamu ya Mwamvua ikafika. Kongoti akatuma habari kwa mdomo wa kunguru: binti wa Pazi ameitwa Jabali.

"Baba, mimi nataka Matete," Mwamvua akasema.

"Matete!" Mzee Pazi akaruka. "Mtoto wa Ngiri analia kwa kukataliwa, wewe umeitwa unaleta madeko? Nimwambie nani kwamba binti yangu yuko topeni? Nikae wapi mimi?"

Nawaambia kweli, wasikilizaji wangu, si baba peke yake. Mwamvua naye alilitamani lile jiwe. Alikuwa akijifunga gamba la konokono shingoni, akijitazama majini, akikaza shingo. Alisema moyoni, labda kaka alikuwa dhaifu. Labda mimi nitaweza. Ndivyo tunavyojidanganya, sivyo?

Akaenda.

Akapanda. Mto ukabaki nyuma, sauti yake ikapungua, ikapungua, ikakatika. Akapanda. Miti ikaisha. Nyasi zikaisha. Jua la utosi, kivuli hakuna, wala ndege, wala nzi. Alisikia kucha zake tu juu ya mwamba: kwa, kwa, kwa. Akisimama, zile kwa, kwa ziliendelea kidogo, halafu nazo zikasimama.

Mlangoni alisimama Kongoti kwa mguu mmoja.

"Umefika," akasema. Sauti yake kavu kama jani. "Hapa haingii mtu na vya nyumbani. Uone ufa ule ukutani. Kwanza utauachia kicheko chako. Ukizoea, mluzi wako. Mwisho jina lako. Hapo utapewa jiwe."

"Nikihitimu nitarudishiwa?"

Kongoti hakupepesa jicho. "Hakuna aliyewahi kuuliza akiwa ameshahitimu."

Mwamvua akatazama nyuma. Njia nyeupe, tupu. Akawaza baba yake akikaa mbele. Akaweka mdomo kwenye ufa, akacheka kidogo, cha aibu, kikikiki. Ufa ukakivuta, fyuuu! Kikamtoka mpaka mzizi. Mara jabali lote likacheka, ndani kwa ndani, kwa sauti yake mwenyewe: Kikikiki! Kikikiki!

Akajaribu tena kucheka. Wapi.

Kule ndani wanafunzi walisimama kwa safu, swala, pundamilia, nyani, kanga, wote wameelekea upande mmoja. Hakuna aliyemkaribisha. Akasimama nao. Masomo yakawa hivi.

"Mto ni nini?" anauliza Kongoti.

"Mto ni maji yateremkayo," wanaitika wote.

Mwamvua akanyoosha mkono. "Mwalimu, mengine hayateremki. Mengine huzama. Nimeyaona kwa macho yangu."

Vichwa vyote vikageuka, kwa pamoja, kama shingo ni moja. Macho yote kwake. Hayakukasirika macho yale, hayakumcheka. Hayakuwa na kitu.

"Mto ni nini?" Kongoti akarudia.

"Mto ni maji yateremkayo," wakaitika. Na Mwamvua akasikia mdomo wake mwenyewe ukiitika nao.

Siku zikapita juu kule. Ngozi yake ikapasuka kwa ukavu. Usingizini alinusa tope, akaamka analamba jiwe. Asubuhi moja alijaribu kukumbuka mto wao unapinda kulia au kushoto pale nyumbani. Hakukumbuka. Hapo akaogopa kweli.

Sasa, pale chuoni palikuwa na mmoja tu asiyefanana na wengine. Binti Mbuzimawe, yule mdogo mwenye kwato ngumu, arukaye majabalini. Huyo alinawiri! Alfajiri kishaamka, tak-tak-tak, yuko kileleni, anaimba. Mwamvua akamfuata.

"Dada, wewe ufa haukukunyang'anya sauti?"

"Kuninyang'anya?" Mbuzimawe akashangaa. "Mimi nikitia moja, jabali linanirudishia mbili. Sikia." Akaita, meee! Jabali likamrudishia, tamu, nene, limeongeza na yake. "Kwani wewe halikurudishii?"

"Halinirudishii."

Mbuzimawe akamtazama kutoka masikioni mpaka mkiani. Akaona vidole vyenye utando, vimekauka kama maganda. "Mwenzangu, mimi nilizaliwa juu ya mawe. Mama yangu alinizaa hapo, chini ya ule mwamba. Wewe ulizaliwa wapi?"

"Majini."

"Sasa huku umekuja kutafuta nini?"

Hakumuuliza kwa dharau. Alitaka kujua tu. Mwamvua akafumbua mdomo, akatafuta jibu. Baba amesema. Ngiri atatuona. Nikae mbele. Kila jibu alilolishika halikuwa lake.

Siku ya kutoa mluzi ikafika. Jua kali. Safu zimejipanga. Kongoti akamwita mbele. "Weka mdomo."

Mwamvua akauinamia ufa. Ubaridi ukamgusa pua. Akavuta pumzi. Na ndani, kule gizani mwa jiwe, akasikia pumzi nyingine ikivutwa.

"Mwamvua."

"Kaka Kibwana?"

"Usipige mluzi. Geuka."

"Toka basi, kaka! Twende nyumbani!"

"Mimi nilishataja jina. Wewe hujataja. Geuka, Mwamvua. Mama anaparua samaki. Geuka."

Nyuma ya sauti ile zikaanza kunong'ona nyingine, nyingi, kama mchele unaomwagwa: geuka, geuka, geuka.

Mwamvua akageuka. Akatembea katikati ya safu. Vichwa vikamfuata, taratibu, vyote pamoja. Alidhani Kongoti atamrukia. Hakuruka. Hakuinua hata bawa.

"Hapa hatumfungi mtu," akasema Kongoti. "Wote hawa wamesimama wenyewe. Lakini huko chini watakuuliza."

"Watakuuliza," wakaitika wote.

"Utawajibu nini?"

"Utawajibu nini?"

Akashuka mbio. Kwa-kwa-kwa-kwa! Maneno yale yakateremka naye mlima mzima, mpaka aliposikia maji.

Nyumbani baba yake hakumpokea. Alisimama mlangoni, ameziba njia. "Umeacha Jabali kwa miguu yako? Nitamwambia nini Ngiri? Usiingie. Kwanza watu wasahau." Bi Mwavita alilia kwa ndani, akamtupia samaki wa kula njiani. Nyuma yake Kibwana amesimama, jiwe shingoni. "Wasahau," akasema.

Mwamvua akateremka na mto mpaka kwenye kinamasi. Matete yananong'ona. Mapovu yanapanda, blub, blub. Nyasi zikafunuka, na kichwa kikubwa kikainuka mbele yake.

"Shikamoo Bi Kiboko."

"Marahaba. Unataka kujua nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mwamvua akasema polepole, kama anajaribu mguu mgonjwa: "Maji yakizama ardhini huenda wapi?"

Bi Kiboko akafikiri. Akafikiri sana. "Sijui," akasema. "Ingia tutafute."

Chubwi!

Msidhani Matete palikuwa raha. Kuna siku alipotea kwenye tope mpaka akaita mama. Kuna siku Bi Kiboko alimrudisha tena na tena: "Hukusikiliza. Zama upya." Alijifunza kuweka sikio kwenye udongo akasikia mkondo unaopita chini. Alikosea, akarudia. Lakini akilala alilala, na ngozi yake ikaziba.

Jioni moja vyura walifanya mchezo, mmoja akateleza akaangukia mgongo wa Bi Kiboko. Wote wakacheka. Mwamvua akafumbua mdomo acheke. Kimya. Na kule mbali, juu ya bonde lote, jabali likacheka badala yake: Kikikiki! Kikikiki! Wote wakanyamaza wakatazamana.

"Hicho hakirudi," Bi Kiboko akasema. "Kingine kitaota, kama jino. Hakitafanana na kile." Kilichelewa, ndugu zangu. Kilichelewa mno. Kilipoota kilikuwa kizito, cha mtu mzima.

Likizo ilipofika Mwamvua akaenda kwao. Baba yake hakumfukuza, hakumkaribisha. Aligeuza shingo tu akatazama pengine. Mwamvua akapita, akamshika Kibwana mkono, akamkalisha ukingoni mwa mto, naye akakaa.

Kila mtu nyumba ile alimsemesha Kibwana, naye alirudisha. Kibwana kula. Kula. Kibwana lala. Lala. Mwamvua hakusema kitu. Hakupiga mluzi. Alikaa, ameweka miguu majini, akasikiliza mto kama alivyofundishwa. Jua likapanda. Likapinda. Kereng'ende akatua kwenye jiwe jeupe la Kibwana, akaondoka. Kibwana akawa anasubiri. Midomo inacheza, inatafuta neno la kurudisha. Hapana neno. Mto tu.

Akateremsha mguu. Taratibu, taratibu. Kidole kikagusa maji. Akashtuka mwili mzima.

"Baridi," akasema Kibwana.

Hakuna aliyekuwa amelisema neno lile. Lilikuwa lake.

Kule mlangoni kitu kikaanguka, pu! Bi Mwavita alikuwa amedondosha kisu. Mzee Pazi alitoka nje polepole, akaja mpaka ukingoni, akapiga magoti topeni, yeye aliyelidharau tope.

"Nini, mwanangu?" akauliza. "Umesema nini?"

Mwamvua akamwekea baba yake mkono mdomoni. Baba akaelewa, akanyamaza. Wakakaa wote, kimya, Kibwana akitazama mguu wake ndani ya maji kama ndiyo kwanza anauona leo.

Ndipo Ngiri akapita na wanawe, akaona. "Hodi jirani! Na huyo binti, siku hizi anasoma wapi?"

Mzee Pazi akainua uso wenye machozi. "Yuko Matete," akasema. "Kwa Bi Kiboko." Halafu akamwashiria Ngiri kwa kidole: nyamaza, tafadhali, usiseme zaidi.

Haya, watoto, na ninyi wazazi, mafunzo ni haya. Chuo kizuri ni kile kinachokuza ulichozaliwa nacho. Jabali lilimfaa Mbuzimawe, halikumfaa fisi maji. Usiende mahali kwa sababu waliokwenda wanakaa mbele. Na mzazi usimpandishe mtoto mlima kwa sababu ya jirani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiipenda tugawane sote, msipoipenda niachieni, nitarudi nayo kwangu.