Bango la Mtu Aliye Hai

Methali ya "Mficha uchi hazai" huwachekesha vijana kwa sababu ya lile neno lake la pili, lakini ndani yake hamna mzaha. Maana yake ni kwamba anayeona haya kuonyesha kinachomsumbua huukosa msaada aliokuwa akiuhitaji. Wapo wanaoielewa mapema. Dufie wa Bantama, mjini Kumasi, Ghana, aliielewa baada ya kumuua mtu kwa kompyuta, na mtu mwenyewe akaja kuudai uhai wake.

Dufie na dada yake Konadu walikuwa na duka la kutengeneza mabango na vitabu vya matanga. Kumasi kila Jumamosi huvaa nyeusi na nyekundu, na hakuna marehemu anayezikwa kwa heshima bila picha yake kubwa ukutani na kitabu chenye wasifu wake, maneno ya mjane, na maombolezo ya watoto, wajukuu na hata wenzake wa kwaya. Konadu alipokea wageni na kusimamia uchapaji. Dufie aliketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, feni ikimpulizia usoni kwa ajili ya joto, akiwapanga wafu wa watu kwa mikono miepesi kama ya msusi.

Tatizo lilianza na upepo mkavu wa jangwani wa mwezi wa Januari. Macho yalimwasha kama yaliyotiwa pilipili, kope zikawa zinakwaruza, na ikifika alasiri herufi zilikuwa zikiogelea. Kisha yakaanza kumwaga machozi yenyewe. Siku moja mteja aliyeketi kando yake akisubiri kitabu cha mama yake alimwona akijifuta, naye akajifuta. Akaenda kutangaza sokoni kwamba Bantama kuna fundi anayelia pamoja na wafiwa. Kabla ya Pasaka duka lilikuwa halipitiki. Konadu, ambaye hajawahi kuiona bahati mlangoni asiipe kiti na maji, aliweka boksi la karatasi laini kando ya kompyuta, mahali ambapo kila mteja angeliona.

Dufie angeweza kusema siku ile ile kwamba ni macho tu. Hakusema. Baba yao alikufa kipofu. Dufie alikwenda shule ya bweni akimwacha mzima, na alipomaliza miaka yake akamkuta anapapasa ukuta kutafuta mlango. Tangu hapo aliamini kwamba upofu umo katika damu yao na unangoja zamu yake. Kwenda kwa daktari kulikuwa kwake sawa na kwenda kusomewa hukumu. Kumwambia Konadu kulikuwa kugumu zaidi, kwa maana Konadu ndiye aliyemwosha na kumlisha baba hadi mwisho, na Dufie hakutaka kuwa mzigo wake wa pili. Basi alijikaza kisabuni. Aliyakuza maandishi kwenye kioo cha kompyuta, akasingizia mafua, na kila alipoamka alifumba jicho moja, kisha jingine, kupima kama dunia bado ipo.

Mwezi wa Juni akaja Maame Birago, mjane wa Opanyin, yaani Mzee, Ata Panin. Mumewe alizaliwa pacha, na katika umri wa miaka sabini na minane yeye na mdogo wake, Ata Kakra, walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mjane aliacha bahasha yenye picha mbili, moja ya marehemu kwa ajili ya bango, nyingine ya shemeji yake kwa ajili ya kitabu. Alieleza kwamba majina ameyaandika nyuma. Akaongeza kuwa anakwenda kijijini kutayarisha kaburi, kwa hiyo mabango yabandikwe bila kumngoja.

Jioni ile Dufie aliigeuza picha ya kwanza. Jina lilikuwa limeandikwa kwa penseli, na machoni pake likawa ukungu. Akaigeuza ya pili, nayo ukungu. Konadu alikuwa hatua tatu kutoka pale, akikunja karatasi. Maneno machache tu, "Dada, hebu nisomee," yangetosha. Lakini maneno hayo yangezaa swali, na swali lingezaa jingine. Dufie akachagua picha yenye tabasamu, kwa kuwa wafiwa hupenda marehemu wao atabasamu.

Jumatano asubuhi mzee mmoja aliingia dukani na bango kwapani. Aliketi bila kuambiwa, akalikunjua magotini. Uso wa kwenye bango na uso uliokuwa juu yake ulikuwa mmoja, hata kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto.

"Habari za asubuhi, wanangu," alisema. "Nimekuja kuuliza nitazikwa saa ngapi, nisije nikachelewa."

Konadu alilitazama bango, akamtazama mzee, jasho likamtoka. Kumbandika mtu mzima na roho yake miongoni mwa wafu si jambo la kuchekea, ni mkosi. Mzee Ata Kakra alieleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, jinsi muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, aliyemlisha miaka ishirini alivyomrushia chumvi na kumwamuru arudi alikotoka, na jinsi mjukuu wake alivyokataa kumshika mkono.

"Opanyin, tusamehe," Konadu alisema haraka, amekwisha kupiga magoti. "Mdogo wangu ana moyo mwepesi. Alikuwa akimlilia ndugu yako hata hakuona alichokifanya. Mtazame, hata sasa analia."

Kweli machozi yalikuwa yakimtiririka Dufie. Uso wa mzee ukabadilika, hasira ikamtoka.

"Ulimlilia Panin?" aliuliza polepole. "Watoto wake wanagombea nyumba. Sijaona hata mmoja wa kumlilia."

Njia ilikuwa wazi. Dufie alihitaji kutikisa kichwa tu, na duka lingepona, na siri yake ingelala salama. Alimtazama yule mzee mpweke, akaona vibaya kumpa machozi ya uongo mtu aliyekuwa na kiu ya machozi ya kweli.

"Hapana, Opanyin," alisema. "Sikumlilia, sikumjua. Macho yangu ni mabovu tangu Januari. Nilishindwa kusoma jina, nikaona haya kuomba nisomewe. Nisamehe."

Konadu, aliyekuwa bado magotini, akaketi chini kabisa sakafuni. Mzee akalikunja bango lake taratibu.

"Ukutani umenizushia kifo, lakini mdomoni umeniambia kweli," alisema. "Kwa desturi ningekudai kondoo. Kondoo nitamtafuna kwa meno yapi? Nipe yai moja nifute mkosi, na kesho twende wote kliniki ya macho. Nitaketi mlangoni mpaka utoke."

Kesho yake daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alisikiliza habari za baba yao, akampima Dufie presha ya macho, akamtazama ndani kwa taa, akamwekea kipande cha karatasi kwenye ukingo wa kope kupima machozi yake. Kisha akamwambia kwamba hana ugonjwa wa baba yake. Macho yamekauka tu. Anayekodolea kompyuta husahau kupepesa, feni na upepo mkavu vikamalizia kazi, na jicho lililokauka hujimwagia maji ovyo yasiyoliburudisha. Alimpa matone. Alimwagiza aigeuze feni, ashushe kioo chini kidogo ya usawa wa macho, apepese kwa makusudi, na kila baada ya dakika ishirini ainue uso atazame mbali. Mwishoni akamtaka arudi kila mwaka, kwa sababu hata ugonjwa wa baba yake unazuilika, mgonjwa akija mapema.

Mzee Ata Kakra alipopewa habari alishukuru Mungu, akaaga, akaenda kujibandua ukutani mtaa kwa mtaa. Dufie na Konadu, aliyekuwa amewasindikiza, wakabaki kwenye benchi la kliniki. Konadu akamgeukia mdogo wake.

"Mbona hukuniambia, Dufie?"

"Niliogopa utaniosha kama ulivyomwosha baba."

Konadu aliinamisha kichwa. "Mwaka ule ulipokwenda shule, nilimkuta baba barazani ameshika gazeti juu chini, anafunua kurasa. Nikajua haoni. Nikampita kimya, nikidhani namtunzia heshima. Mwaka mzima. Yeye alijificha, na mimi nikamsaidia kujificha."

Hapo akalia, kilio alichokuwa amekibana kwa miaka. Dufie alimfuta kwa ncha ya kitambaa chake, akamwambia kwamba kuanzia leo akiona ukungu atasema ukungu, hata duka likiwa limejaa wateja. Konadu akaitikia kwamba atamsomea, hata maandishi ya penseli.

Baba yao alikuwa mtu mwerevu, mwenye mabinti wawili waliompenda, na kliniki ile ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka barazani pake. Alikufa gizani kwa kuona haya. Mficha uchi hazai.