Mwalimu wa Kwaya na Kompyuta Iliyofungwa

Wapendwa, nianze na uovu wangu. Miaka sita iliyopita, kwenye sala za jumuiya, mama mmoja alisoma neno "Wathesalonike" kwa kukwamakwama, nami mtumishi wa Mungu nikacheka. Kidogo tu, puani. Tangu siku ile mama yule akipewa Biblia asome, husema amesahau miwani. Hana miwani. Hajawahi kuwa nayo.

Sasa sikilizeni. Palikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini kwa kuwa watu walimwita Mwalimu, aliwaacha waamini kwamba alifika mbali. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja wa kidato cha tatu. Na ndani ya laptopu ya kwaya mlikuwa na sauti ya marehemu: wimbo mmoja wa Pasaka, na maneno ya dakika nne aliyoyasema akiwa wodini, akimuusia mwanawe. Nakala nyingine hapakuwa nayo popote. Kila Jumapili baada ya ibada binti alikuja: "Baba, nifungulie mama." Wakasikiliza pamoja bila kutazamana.

Laptopu ile wafadhili walioitoa waliifunga, isikubali programu ngeni. Na tamasha la kwaya limekaribia, mwalimu anataka programu ya kuchanganya ngoma na kinanda. Akampigia mwenzake wa usharika wa jirani.

"Hiyo mashine yako imewekwa bwenini, mtani!" yule akamcheka. "Ina mipangilio ya ndani, ya watengenezaji wa programu. Ukiifungua, unaweka utakacho. Nitakutumia namna ya kubonyeza."

"Haina madhara?"

"Yatakuja maelezo ya Kiingereza, yatakueleza yote. Au Kiingereza kinakupiga chenga, Mwalimu?"

"Mimi? Kiingereza nilikiacha darasani kikinililia!"

Jumamosi mchana akakaa mezani, akabonyeza kama alivyoelekezwa. Kioo kikabadilika, maandishi yakaja. Mistari minne. Akaitazama kama mtu anavyotazama barua ya mwenzake. Binti alikuwa kibarazani anachambua mchele, hatua saba kutoka pale, na Kiingereza yule binti anakila kama ugali. Mwalimu akafungua mdomo amwite. Halafu akawaza: nitamwambiaje? Kwamba haya yamenishinda?

"Baba, kompyuta ina nini? Nije?"

"Chambua mchele! Mimi ndiye niliyekupeleka shule, hukunipeleka wewe."

Akabonyeza kukubali.

Ndugu zangu, mashine ile ilikuwa na huruma. Haikufuta vilivyomo papo hapo. Ilihesabu sekunde thelathini, ili aliyekosea apate kuizima. Mwalimu akaziona tarakimu zikishuka, ishirini na tisa, ishirini na nane, akadhani kazi imeanza vizuri. Akakunja mikono, akangoja.

Ilipowaka tena, mipangilio ilikuwa wazi. Akaweka programu yake ya ngoma, ikakubali, akapiga na makofi. Kisha akautafuta ule wimbo wa Pasaka auwekee ngoma. Akatafuta. Akatafuta tena. Akaikimbiza kwa fundi mjini. Fundi akaichunguza hadi usiku, akamrudishia: "Mzee, humu hakuna kilichojificha. Vyote vimekwenda."

Jumapili binti akaja. "Baba, nifungulie mama."

"Hayumo tena. Nilifungua yale mambo ya ndani, ikafuta kila kitu."

"Ikafuta tu? Haikukuuliza?"

"Iliuliza."

"Iliandika nini?"

Mwalimu akaifunika laptopu.

"Baba, iliandika nini?"

"Sijui, mwanangu. Sikuweza kuisoma."

Binti akakaa chini sakafuni. Hakulia. Alisema tu, "Lakini nilikuwa pale nje."

Mnangoja niwaambie kwamba sauti ilipatikana? Haikupatikana. Fungu la faraja la kuwabandikia hapa sina. Toba itamsafisha yule baba, naamini hivyo, ila dakika zile nne hazirudi.

Na sisi je? Ni wangapi humu tumetia dole gumba, tumemeza dawa, tumeitikia "Amina" kwa sauti kubwa, na hatukujua tunakubali nini? Tunapenda milango ifunguke. Tunaomba ifunguke, tunafunga na kukesha ili ifunguke! Nani kati yetu huuliza kwanza mlango ule utachukua nini? Mungu ametuwekea watu hatua saba tu kutoka tulipoketi, nasi tunaona heri tupoteze vyote kuliko kutamka neno moja: sijaelewa.

Sina mengi. Nawaomba hivi: wiki hii ukifika mahali usipoelewa, mwite aliye karibu, hata kama ni mwanao, umwambie, "Njoo unisomee."