Betri ya Bibi Minza

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana nikikatizwa sirudii. Palikuwa na watu watatu: Ng'washi mshonaji, Masunga muuza maziwa, na Kabula mkulima wa dengu. Ng'washi alijaliwa subira, Masunga miguu, Kabula nyumba ya nyasi yenye ubaridi. Kila mmoja aliishi peke yake, na jioni alipika kisufuria kidogo.

Jirani yao alikuwa Bibi Minza, mjane asiye na mtoto. Mumewe alimwachia baiskeli ya umeme, na mwenyewe hawezi kuiendesha. Akawaazima hao watatu bure, kwa sharti moja: ukiirudisha, ingia ndani, kaa kidogo. Upweke ulikuwa unamla yule mama, jamani.

Baiskeli za namna hiyo zilikuwa nyingi kijijini. Betri zake zilikufa mapema, sasa kuku wanalala juu ya viti vyake. Ya Bibi Minza tu ndiyo iliyodumu.

Kati ya hao watatu, umeme ulikuwa kwa Ng'washi tu, basi ilichajiwa kwake. Wenye baiskeli nyingine walichomeka chaja wakaenda kulala. Yeye aliiacha betri ipoe kwanza, akaichaji huku anashona pembeni, na kabla haijajaa kabisa akachomoa. "Ukiishindilia kila siku inazeeka haraka," alisema. "Na mimi nina nani mwingine wa kumwangalia?"

Masunga aliitumia kupeleka maziwa. Wengine kijijini waliziendesha zao mpaka zikazimika njiani. Yeye, ikibaki taa ya mwisho, alizima mota akakanyaga pedali mwenyewe, jasho linamtiririka, watu wanamcheka. "Chekeni tu!" aliwajibu. "Zenu ziko wapi?"

Kiangazi maziwa hukauka, baiskeli ikakaa wiki nyingi bila kuguswa. Hapo Kabula aliichomoa betri akaiweka kwake, mbali na jua, ikiwa na chaji nusu. Ikishuka, aliibeba kwa Ng'washi iongezwe. Wengine kijijini waliziacha zao juani, tupu, zikafa.

Asubuhi moja Bibi Minza akaanguka, kifua kimembana, pumzi haiji. Pikipiki zote zilikuwa zimekwenda mazishini kijiji cha pili. Mwalimu mmoja mpita njia akampakia kwenye ile baiskeli, akapanda naye mlima hadi kituo cha afya. Betri ilizimika pale getini; angekosekana mmoja tu wa wale watatu, isingefika hapo. Mganga wa kituo akasema wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazika. Mwalimu tumwache, ana mke na watoto, hadai kitu.

Mganga akaongeza: mama huyu asikae tena peke yake.

Watatu hao wakaja kumchukua. Ng'washi alikuwa ameshafagia chumba. Masunga alikuwa amenunua godoro. Kabula alikuja na kanga mpya mkononi.

"Twende kwangu, Bibi."

"Hapana, kwangu!"

"Bibi, mimi ndiye niliyekuja wa kwanza."

Bibi Minza akalia. "Wanangu, miaka yote nilitamani mtu mmoja aniite. Leo mnaniita watatu."

Na msiniambie azungushwe nyumba hadi nyumba kama ungo wa kuazima! Amesema amechoka, anataka kitanda kimoja mpaka siku yake. Wala msiseme wakae wote pamoja, vibanda vyao vinatosha watu wawili tu.

Mmoja atapata wa kumuuliza jioni, "Umekula?" Wawili watarudi kwenye ukimya wao, na uzee utawakuta humo humo. Mimi kila nikiisimulia inaniuma. Haya, msinitazame mimi, semeni nyinyi: Bibi Minza aende kwa nani? Na wale wawili, ni nani kati yenu atakayewaambia?