Mitungi ya Mafuta Mlangoni

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na mja mwema aitwaye Haritha, kazi yake kuunga mifupa. Chumba chake kilikuwa chini, katikati ya soko kuu, mlango usawa na barabara. Kila asubuhi alipofungua alisema, "Alhamdulillahi kwa mlango usio na ngazi," kwani waliomjia walikuja wakichechemea, na wengine wakibebwa.

Siku moja msimamizi wa soko akatangaza amri. Vyumba vyote vya chini ni vya wauza bidhaa, ili soko lichangamke. Vinyozi, waandishi wa barua, waganga na wengineo wasiouza kitu wapande ghorofani. Kesho yake angepita kukagua, mlango kwa mlango.

Haritha akatoka kuzitazama ngazi. Ngazi za kwenda juu zilikuwa kumi na saba, nyembamba na zimesimama kwelikweli. Mtu aliyevunjika mguu atazipandaje?

Jirani yake Shaddadi, kinyozi mwenye maneno mengi, akaingia akicheka. "Sheikh Haritha, mbona umenuna? Si una mafuta ya ufuta ya kukandia wagonjwa? Weka mtungi mlangoni, akiuliza sema unauza mafuta. Basi, yamekwisha!"

"Lakini siyauzi, ndugu yangu."

"Kwani mtungi utasema?"

Tusifiche, Haritha alitamani. Aliwafikiria wagonjwa wake, akaubeba mtungi hadi kizingitini. Hapo akasimama. "Mifupa ya watu naiunga kwa Bismillahi," akajiambia. "Nitalitamkaje jina Lake katika chumba nilichokipata kwa uongo?" Akaurudisha ndani, akausukuma nyuma ya pazia, usije ukamdanganya mtu kwa kuonekana tu.

Asubuhi yake, lo! Kumbe Shaddadi hakumshauri mtu mmoja. Mtaa mzima umegeuka wauza mafuta! Mwandishi wa barua ana mtungi, mng'oa meno ana miwili. Msimamizi akasimama kwa Shaddadi, akachovya kidole, akanusa. Maji matupu. Hata kujaza mafuta kulimshinda, muungwana yule.

Alipofika kwa Haritha alikuwa amefura kwa hasira. "Na wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu, bwana wangu. Naunga mifupa."

Msimamizi akamtazama, hasira zikapungua kidogo. "Umesema kweli, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini amri ni amri. Panda juu pamoja na wenzako."

"Alhamdulillahi," akasema Haritha, akaanza kukunja mikeka yake.

Siku ya kumi msimamizi akapita tena. Akasikia mtu akihema kwenye ngazi, akachungulia. Alikuwa Haritha, na mvi zake zote, amembeba mgongoni bibi kizee aliyeteguka goti. Anapanda ngazi moja, anapumzika, anapanda nyingine, na kila ngazi anamshukuru Mola wake. Chini wameketi watu watatu wakingoja zamu ya kubebwa.

"Subhanallah! Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nauza nini, bwana wangu. Hukuniuliza ni nani wanaonijia. Nami niliogopa nikiongeza neno nitakuwa natetea riziki yangu kwa kujificha nyuma ya wagonjwa."

Msimamizi akatokwa na machozi. "Nilikagua milango," akasema, "sikukagua miguu ya watu." Akampokea yule bibi, akamshusha kwa mikono yake mwenyewe mpaka kile chumba cha zamani cha Haritha, ambacho kilikuwa bado kitupu. Siku ileile akairekebisha amri. Chumba cha chini kwanza apewe yule ambaye wanaomjia hawawezi kupanda, kisha ndipo wafuate wauza bidhaa. Shaddadi akaja kusaidia kuteremsha mikeka, kimya, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Haritha akasujudu sijda ya shukrani palepale kizingitini.

Ndugu zangu, Alhamdulillahi aliyoteremka nayo mzee yule ndiyo ileile aliyopanda nayo. Sisi wengi shukrani zetu hukaa vyumba vya chini tu. Mwenyezi Mungu atujaalie shukrani inayopanda ngazi.