Kwa Nini Watu wa Ikongwe Huacha Nafasi Kwenye Benchi

Hapo kale, kabla hata bibi zenu hawajazaliwa, watu wa Ikongwe, huko milimani Upare, walikaa kanisani wamebanana, mmoja akikohoa benchi zima linatikisika. Nafasi mnazoziona leo hazikuwapo.

Miongoni mwao alikuwamo Namkunda, aliyebatizwa. Dada yake Nanzia, aliyembeba mgongoni tangu mchanga, aliukataa ubatizo. Lakini siku ya kuzibua mfereji wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, walishika majembe pamoja wakitaniana mpaka jioni. Hilo lilimtosha Namkunda.

Kisha akaja mchungaji Mjerumani. Kwao, alisema, wanaosali pamoja, na pia wanaokaa chini ya utawala mmoja, wote huitwa kwa neno moja, gemainde. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani kila mahali ni kama kwao. Akachukua daftari la ubatizo, akagawa zamu za maji kwa majina yaliyomo. La Nanzia halikuwamo. Mahindi yake yakanyauka, naye akaacha kuitikia salamu za mdogo wake.

Namkunda akawa hali akashiba. Jumapili iliyofuata alitandika kitambaa ubavuni pake, akakataa mtu asikae.

“Sogea, mama,” mchungaji akamwambia.

“Hapa pana mtu, Baba Mchungaji. Ni dada yangu.”

“Dada yako si wa gemainde.”

“Maji unayokunywa yanapita kwenye mfereji aliouzibua yeye. Wewe umesema neno ni moja. Basi na hapa ni pake, aje asije.”

Mzee mmoja akasogea, akamwachia nafasi shemeji yake asiyesali. Mwingine akamwachia baba yake. Wimbo uliofuata ulipoisha, nusu ya watu walikuwa wamesimama ukutani. Mchungaji akafunga daftari, akateremka mwenyewe hadi kwenye ndiva, akarudisha zamu za wote.

Maji yalirudi siku ile ile. Nanzia hakurudi kuitikia salamu. Namkunda alitandika kitambaa kila Jumapili mpaka akaota mvi, akigeuka kila mlango ulipolia. Alitamani dada yake aje, basi.

Na tangu siku hiyo, kila akaaye kanisani Ikongwe huacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni. Wageni hudhani usharika umepungua, wakataka kukaa. Wenyeji huwazuia kwa upole: hapo pana mtu.