Mlango Uliopimwa kwa Mabega

Mtu mmoja alikuwa na choo cha ndani, na mtaa mzima ulikijua kile choo kama unavyojua msikiti. Jina lake Mhando. Mwembamba, mwepesi, mtu wa kuruka mfereji bila kushika kanzu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne; cha mwisho kilibaki kwenye mashine ya mkonge ujanani, na hakuwahi kukililia. Siku ya kujenga, fundi Kihiyo alimwuliza, "Mlango nipime kwa nani?" Maana Kihiyo hakuwa fundi wa kutembea na futi. Yeye alipima kwa mwili wa mtu: mabega ndiyo upana, goti ndiyo kimo cha kizingiti. Mhando akacheka, akajiweka mbele yake. "Nipime mimi. Kwani nyumba ya nani hii?" Basi akapimwa. Mlango ukatoka mabega yake na nafasi ya vidole viwili tu. Bafu na choo humohumo, na padogo hivyo kwamba ukiinama kunawa uso, makalio yanapiga hodi ukutani! Lakini marumaru nyeupe zilipanda mpaka darini, na mgeni alikuwa anapelekwa kuziona kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Watu walimwuliza, kizingiti chote hicho, mpaka gotini, cha nini? Akajibu, cha kuzuia maji yasije sebuleni, na cha kuwazuia wale wenyewe. Wale wenyewe wa chooni kila mtu anawajua na hakuna anayewataja. Ndio maana mtu anaingia kwa mguu wa kushoto, anatoka kwa wa kulia, na hapigi soga humo. "Hakuna shetani anayepanda goti," alisema Mhando, na alivyosema ungedhani amewaona wakijaribu wakashindwa.

Mama yake, Bi Mashavu, wakati ule alikuwa bado anapanda mlima kukata kuni. Akaanguka shambani, nyonga ikavunjika, akaletwa kwa mwanawe na mkongojo. Sasa ndiyo vituko. Mguu mbovu ndio huohuo wa kushoto, haupandi hata ukiubembeleza. Ikabidi aingie kwa wa kulia, akae juu ya kizingiti kama aliyempanda punda, auvute mwingine kwa mikono miwili, huku anaomba radhi kwa sauti: "Nisameheni jamani, wa kushoto umegoma!" Mkwewe Sikudhani, mke wa Mhando, alikuwa anacheka jikoni mpaka mwiko unamdondoka, na bibi naye anacheka humo ndani. Walicheka hivyo hadi siku aliyoteleza. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, na yeye ameangukia nyuma yake. Hausukumiki. Wao huku, yeye kule, tangu saa nne asubuhi hadi jua la saa saba, wanasikia tu anavyohema, pumzi fupi fupi, za mtu anayepumzika ili ajaribu tena. Akajivuta mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka mlango ukapata nafasi. Alipotolewa hakucheka.

Alimwambia mwanawe, "Kivunje hicho kizingiti, baba. Panua mlango. Uniwekee na vyuma ukutani nishike." Mhando akaziangalia marumaru zake. "Zitapasuka, mama. Na hizi siku hizi hazipatikani." Basi Bi Mashavu akahamia uani, akawa anaogea nyuma ya khanga iliyotundikwa kwenye kamba, na upepo wa pale hauna adabu. Wapita njia walikuwa wanageuza nyuso. Wengine hawakugeuza. Na ili asisumbuke kwenda haja, akaacha kunywa maji. Ukimpa kikombe anakilamba, anakiweka chini. Midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani, mwanamke wa watu akawa anakauka kama muhogo juu ya bati, na mwanawe anamwona.

Ndipo alama zikaanza. Asubuhi moja Mhando aliona alama ya mkono kwenye marumaru, kando ya mlango. Mbichi, ya mkono wenye maji. Akaifuta. Kesho yake ilikuwepo tena, na ya pili karibu na tundu la choo, chini kabisa, kimo cha mtu aliyechuchumaa na hawezi kuinuka. Siku ya tatu ikatokea nyingine chini ya koki. Zote zilikuwa zimeburuzika kidogo kwenda chini, kama mkono uliotafuta pa kushika ukakosa. Alizisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Adhuhuri alipofungua, alama hizo hapo, na maji yanachirizika. Tena akasikia kuhema. Pumzi fupi fupi, humohumo ndani, mchana kweupe, na chumba hakina mtu.

Akatoka uani mbio. "Mama! Wewe ndiye unayeingia kunichafulia ukuta?"

"Mwezi mzima sijaingia," akasema Bi Mashavu, amekaa juu ya ndoo, khanga kifuani. "Kizingiti chako nimewaachia wenyewe."

Sikudhani aliangua kicheko, halafu akaona anacheka peke yake, akaziba mdomo.

"Tena alama hizo si za leo," bibi akaendelea, taratibu, kama anasimulia habari ya soko. "Tangu naingia nazikuta. Nilikuwa naweka mkono wangu palepale zilipo. Ndizo zilizonifundisha pa kushika. Nenda kahesabu vidole, mwanangu."

Mhando alikwenda. Akaingia kwa mguu wa kulia, wala hakujua kama amekosea. Akahesabu kwenye ile ya mlangoni: vinne. Kwenye ile ya koki: vinne. Cha mwisho hakipo, kimekatika palepale kilipokatika cha kwake. Akanyanyua mkono wa kulia, akauleta kwenye alama ya chini, ile ya karibu na tundu. Haukufika. Ikabidi apige magoti. Alipopiga magoti, mkono ukaenea wote, kama mguu kwenye kiatu chake. Lakini ile alama ilikuwa na mistari mingi, mistari ya ngozi iliyolegea, ambayo mkono wa Mhando ulikuwa bado haujaipata. Nyuma yake mlango ukajirudisha, ukajifunga. Akataka kuufungua, mwili wake mwenyewe ukauzuia. Alikaa pale chini, akisikia kuhema kule, pumzi fupi fupi, mpaka akatambua kwamba safari hii kifua ni cha kwake.

Akajivuta kando kidogo kidogo, akatoka, na siku hiyohiyo fundi akaitwa. Kihiyo akaja na nyundo na tindo, akauliza lile swali lake la siku zote, "Nipime kwa nani?"

"Mpime mama," Mhando akasema. "Tena mpime amekaa."

Bi Mashavu akakalishwa kwenye kiti cha jikoni, akapimwa yeye na kiti chake. Kizingiti kikasagwa mpaka chini. Sakafu ikapewa mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, na tangu siku ile hakuna hata tone lililoonekana sebuleni, kumbe maji hayakuhitaji kuzuiwa, yalihitaji kuonyeshwa njia. Mlango ukapanuliwa, ukageuzwa ufungukie nje. Juu ya tundu la choo kikakaa kiti. Marumaru kumi na moja zilipasuka, na Mhando alikuwa anazizoa mwenyewe. Fundi akauliza vyuma vya kushika avipigilie wapi. Mhando alimwonyesha kwa kidole: hapa, hapa na hapa. Alama tatu, vyuma vitatu. Chuma kilipokaa, alama haikuonekana tena.

Bi Mashavu ndiye aliyekifungua choo. Kwanza alikunywa vikombe vitatu vya maji mbele ya majirani, kwa makusudi, anawaangalia usoni mmoja mmoja, nao wakapiga vigelegele. Akaingia na mkongojo wake, akautanguliza mguu wa kushoto, maana sasa hapakuwa na cha kupanda. Akaoga mwenyewe. Aliimba humo, ule mwiko wa kutosema chooni usiwe mwiko! Alipotoka, ananukia sabuni, alimvuta mwanawe kando. Akamnong'oneza kwamba chuma cha mlangoni alikikuta kina joto, joto la kiganja, kama kuna mtu alikuwa amekishika muda mrefu, ndiyo kwanza amekiachia ili ampishe.

Na wewe unayesimama wima leo, mlango wako umeupima kwa mwili wa mwaka gani?