Viti Vinavyokula Nafasi

Akiwa amejinyoosha kwenye kochi la behewa lake binafsi, Bwana Kitwange, meneja wa treni ya mjini, alimwita Mzuwanda, fundi wa mabehewa.

"Kufikia Ijumaa treni ibebe abiria mia zaidi. Behewa jipya sinunui. Ukishindwa, kazi huna."

Mzuwanda alijikuna kichwa. "Basi niandikie ruhusa, mkubwa, ning'oe viti vinavyokula nafasi."

"Ng'oa popote utakapo!" Kitwange akasaini bila hata kuinuka.

Ijumaa asubuhi treni ilibeba watu mia na ishirini zaidi. Kitwange alifika kifua mbele, akafungua mlango wa behewa lake. Abiria walikuwa wamebanana hadi mlangoni.

"Makochi yangu yako wapi?"

"Stoo, mkubwa, kwa saini yako," alisema Mzuwanda. "Shika bomba, tunaondoka."